Maji ya Bi Tatu Hayakuwa na Kosa

Mwaju mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumba cha pili unabishana na mama yako kuhusu lile sufuria. Yeye anataka uende nalo, wewe unasema huko chuoni kuna kantini. Najua atashinda yeye. Mie nimekaa huku uani nimejifanya natengeneza mguu wa stuli, kumbe naandika. Karatasi nimeilaza juu ya kipande cha ubao, kalamu ni ile ya kuchorea mbao, kwa hiyo ukiona mistari mizito usidhani nina hasira. Ni kalamu tu.

Mambo ya kula, ya kulala, ya marafiki, ya kufunga mlango, mama yako keshayasema na shangazi yako kayarudia kwenye simu. Sina la kuongeza hapo. Kesho nitakubebea begi mpaka stesheni, utapanda hiyo treni ya umeme, soda hujaimaliza ushafika Morogoro. Enzi zetu ukisafiri unakwenda Ubungo kwenye mabasi kiza hakijaisha, unagombaniwa na wapiga debe mpaka shati linachanika. Nilitaka haya maneno nikuambie hapo hapo stesheni, uso kwa uso. Lakini najijua. Nitasema "haya, kasome," halafu nitaanza kuangalia saa ya ukutani kama mtu mwenye shughuli. Ndo maana naandika.

Mwanangu, ni habari ya mdogo wako, Shabani.

Usiikunje kwanza. Soma.

Siku yale majina ya waliochaguliwa yalipotoka, mama yako alikuuliza mkiwa jikoni, "Sasa mazingira ndo nini, Mwaju? Si ungesoma uhasibu, ukae ofisini kwenye feni?" Ukacheka. Halafu ukamwambia, "Mama, sitaki mtoto wa mtu mwingine afe kwa maji niliyomchotea mie." Mlidhani nimelala. Nilikuwa nimekaa kitandani navaa viatu, na kimoja sikukivaa mpaka jioni. Keko kwenye karakana siku hiyo sikwenda. Nilimpigia mwenye oda nikamwambia mbao hazijakauka.

Miaka yote nilikuwa najua umebeba kitu. Nilikuwa nadhani umebeba huzuni, kama sie wote. Sikujua umebeba kosa. Au tuseme ukweli, nilijua, ila nilikuwa naangalia pembeni. Nimekuona mara ngapi ukimpa mtu maji hapa nyumbani? Unachota, unakunywa kwanza wewe, unasimama na kikombe mkononi kama unasikiliza tumbo lako, ndo unampa. Wageni wanadhani ni adabu za pwani. Mjomba wako aliwahi kukutania, "Huyu binti anatuonjea sumu kama kwa sultani." Watu wakacheka. Na mie nikacheka, Mwaju.

Sasa nikurudishe nyuma. Ulikuwa darasa la nne, Shabani hajaanza hata chekechea. Unakumbuka ulirudi shule na ile kazi ya sayansi? Mie nakumbuka mpaka soksi ulizovaa, moja ilikuwa imelegea. Ulisimama mbele yangu nikiwa napiga randa, ukaanza kuimba kama kasuku: "Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka. Ardhi, maji, hewa, mimea, wanyama, na sie watu."

Nikakuuliza, "Na kuku wa jirani?"

"Hata kuku, baba. Mwalimu kasema kila kimoja kinamgusa mwenzake. Ukikivuruga hiki, kile kinajua."

"Basi mwambie mwalimu huyo kuku avurugwe, amekula mboga za mama yako."

Ukacheka ukaenda zako. Nikadhani imeisha. Kidogo nikakuona umechota unga wa mbao chini ya meza yangu, umeulowesha, umetengeneza mlima. Kweli ulifanana na hapa kwetu, huku juu mteremko mkali, kule chini bonde. Ukaweka kiberiti, ukasema hii nyumba yetu. Kule chini ukadidimiza kifuniko cha soda, ukasema hiki kisima cha Bi Tatu. Halafu ukamimina chai ya rangi iliyobaki, pale nyuma ya kiberiti, ukasema hapa chooni kwetu.

Ile chai haikutiririka juu sana. Ilizama. Tukakaa tunaangalia, wewe umechuchumaa, mie nimeshika randa. Ikachelewa kidogo, halafu kile kifuniko cha soda kikaanza kulowa kwa ndani.

Ukasema, "Baba, choo chetu kinakwenda kwa Bi Tatu."

Nikakujibu, "Choo kinakwenda chini. Andika hivyo, chini. Chini hakuna nyumba ya mtu." Nikachukua ufagio nikaufagia mlima wako wote. Nikaongeza na maneno, nikasema huyo mwalimu wako anakaa mahali choo kinanyonywa na gari, aje aishi huku kwetu ambako hata toroli halipiti, ndo atajua mazingira.

Wewe ulidhani nimekuona mjinga. Uliondoka macho yamejaa. Mwanangu, nilifagia kwa sababu ulikuwa umepatia.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penyewe. Choo chetu kile cha zamani kilikuwa kwenye mteremko. Ukuta wa shimo wa upande wa chini mie nilikuwa nimeutoboa, nikapitisha kipande cha bomba la plastiki. Kwenye mdomo wa bomba nilichonga kizibo cha mbao ya mninga. Nilikichonga pale Keko, kwa mkono, nikakipiga msasa, kikawa kinaingia kama kimezaliwa nalo. Nilikuwa najisifu nacho peke yangu, maana hakuna wa kumwonyesha. Masika yakianza, mvua ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani, nilikuwa natoka nimejifunika mfuko, nachomoa kizibo, choo kinatapika, maji ya mvua yanabeba, asubuhi narudisha kizibo na kumwagia mchanga. Shimo linakuwa jepesi mwaka mzima.

Na siyo mie peke yangu. Huku kwetu ilikuwa ndo desturi. Mvua kubwa ikinyesha mtaa mzima unanuka, na kukipambazuka hakuna anayemuuliza mwenzake. Unasalimiwa, shikamoo, marahaba, poleni na mvua, basi. Kila mtu anajua kila mtu kafanya nini, na kila mtu anaamini uchafu wake yeye umeshafika baharini. Hakuna aliyewahi kujiuliza uko wapi katikati ya hapa na bahari. Mie nilikuwa na mtu ndani ya nyumba aliyejiuliza, tena kanionyesha kwa chai ya rangi. Nikachukua ufagio.

Masika yale yale nikachomoa kizibo.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mabomba ya mtaani yakakatika, mama yako akakutuma kwa Bi Tatu na dumu. Akakwambia uchemshe. Mkaa ulikuwa umelowa, unatoa moshi mtupu, na Shabani anakulilia, "Dada maji, dada maji." Ukampa kikombe kimoja kwanza, ukasema mengine utachemsha. Ndivyo ulivyomweleza bwana afya siku ile, umesimama mbele yake na sare ya shule, mikono nyuma. "Mie ndo nilimpa. Hayakuwa yamechemka." Hukulia. Mtu mzima angetafuta pa kujificha, wewe ulisema.

Na mie nilikuwa nimesimama hapo hapo, mwanangu. Nilikuwa na mchanga kwenye kucha, kwa sababu jioni iliyotangulia, kabla hajaja, nilikuwa nimekwenda kulifukia lile bomba na kupanga matofali juu yake. Bwana afya alizunguka, akachungulia choo, akaandika, akapita. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia ahsante.

Shabani alikuwa ameshalazwa kule kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, mzazi mmoja tu anaruhusiwa ndani, mwingine anaishia kwenye kamba. Mama yako alikuwa ndani naye. Mie nilikuwa nje, namwona kwa mbali mguu mmoja umetokeza kwenye kile kitanda chenye tundu, cha wanaoharisha. Mguu mdogo. Alivyofariki hawakutupa tumwoshe nyumbani. Unakumbuka mama yako alivyokuwa anaomba ampake mafuta tu. Hili siliandiki zaidi.

Kuna neno moja nilikutamkia baada ya arobaini. Nataka nilirudie hapa kwa maandishi ili usidhani nimelisahau. Ulikuwa unaosha vyombo, kikombe kikakuponyoka kikavunjika, na mie nilikuwa na hasira zangu, hasira za mtu anayejijua. Nikakwambia, "Tulikuambia uchemshe."

Kikombe ndo kilikuwa kimevunjika, Mwaju. Hakuna aliyeuliza habari ya maji. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipokea mzigo, na wewe ndo ulikuwa karibu, tena ulikuwa umeshaunyoosha mkono mwenyewe. Nikakupa. Ulikuwa mtoto wa darasa la nne.

Na siyo wewe tu. Mtaa ukaamua kisima cha Bi Tatu kifukiwe. Kisima kilichochimbwa na marehemu mumewe, watu wanatawadhia, wanapikia harusi, hakuna aliyewahi kukatazwa kuchota. Wakasema maji yake yana laana, wengine wakasema mwanamke yule mchafu, anafulia karibu. Bi Tatu alikaa barazani kwake amejifunga kanga kichwani, anaangalia. Unajua nani alimwaga mchanga wa kwanza? Baba yako. Nikaambiwa fundi una moyo, umefiwa na bado unasaidia. Mwezi haukupita, mama wa watu akahamia Mbagala kwa binti yake, maana alikuwa akipita watu wanavuta watoto ndani.

Wewe kwako iliingia kwamba umeua kwa sababu hukuchemsha. Bi Tatu kwake iliingia kwamba maji ya mumewe yaliua. Mie nikaenda kuchonga vitanda.

Choo kile nilikivunja, nikajenga kipya upande wa juu, kirefu, cha kunyonywa, hata kama mpira wa gari la kunyonya unapita kwenye nyumba za watu watano na kila mmoja lazima umbembeleze. Ulikuwa unaniuliza kwa nini nahangaika hivyo wakati majirani wanatapisha tu. Nilikwambia ni usafi. Kizibo sikukitupa. Kimekaa kwenye sanduku la patasi. Mara nyingine nakigusa nikiwa natafuta kitu kingine, na siku hiyo nakata mbao vibaya.

Nilivyosikia yale maneno yako ya jikoni, nilikwenda kwanza Mbagala. Nilijiambia nianze na mkubwa. Bi Tatu amezeeka, macho yameingia ukungu, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Nani wewe, unanuka vanishi?"

"Baba Shabani. Fundi."

Akaacha kukuna. Nikamwambia yote, na bomba, na kizibo. Nilisema haraka kama mtu anayesoma. Akapangusa mikono kwenye kanga. Halafu akasema, taratibu, "Kwa hiyo maji ya mume wangu hayakuwa na kosa."

"Hayakuwa."

"Mie nilikuwa najiuliza usiku, labda ile ndoo. Labda niliweka ndoo chini pabaya. Nilikuwa na ndoo moja ya bati, nzuri. Mliifukia humo humo. Nani aliitupia ndani?"

"Mie, Bi Tatu."

"Nilijua tu. Fundi mzima, hata ndoo hukuiona." Akacheka kidogo, na machozi yanashuka. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Mie mzee, siku zangu zimebaki za kukunia nazi. Yule ana maisha. Alinijia hapa yule, unajua? Kila sikukuu anakuja, ananiletea sabuni, ananiomba msamaha eti alisababisha kisima kufukiwa. Mie namwambia mwanangu haya yamepita. Nenda kamwambie. Usirudi hapa kabla hujamwambia."

Sikujua kwamba ulikuwa unakwenda, Mwaju. Nilidhani unakwenda kwa rafiki yako.

Nilirudi siku ile kwa mguu kipande kirefu, nikawa naangalia miti na mifereji. Nakwambia kweli, mie mbao nazijua. Nipe kipande gizani, nitakwambia huu mninga, huu mkongo, huu mpaina wa siku hizi unaoota ukungu ukiupuuza. Lakini sikuwahi kuuliza ule mti ulikuwa umesimama wapi, umeshika udongo gani, na siku ulivyoangushwa mvua ya pale ilikwenda wapi. Kwangu mti ulikuwa unaanzia kwenye lori. Na maji yanaanzia kwenye bomba, na uchafu unaishia kwenye mvua. Nilisoma mpaka la saba, na sie tulifundishwa, usidhani hatukufundishwa. Ardhi, maji, hewa, mimea. Niliimba kama wewe, nikapata vema, nikaenda kucheza mpira. Hakuna siku niliyochuchumaa nikaangalia yale maneno yakipita hapa kwetu, kwenye huu mteremko, chini ya miguu yangu.

Pale bondeni, wakati mama yako ndo kwanza ana mimba yako, palikuwa na matete. Usiku vyura wanapiga kelele mpaka unatamani kuwarushia mawe. Tukamwaga kifusi, tukakata matete, tukajenga. Vyura wakanyamaza, tukasema afadhali, sasa tutalala. Juzi ndo nikawaza, labda yale matete yalikuwa yanakamata vitu kabla havijafika kwenye kisima. Labda. Sijui. Wewe utajua. Ukijua nitakuja kukuuliza, ukitaka kunijibu.

Sababu nyingine ya kuandika ni hii, na hii ni ya woga wala siipambi. Nimewaza kwamba huko unakokwenda, siku moja mwalimu atachora mlima ubaoni. Juu nyumba, chini kisima. Atachora mshale. Na wewe utakuwa umekaa na wenzako, umeshika kalamu, na utaikumbuka chai ya rangi. Utahesabu mwenyewe, utakumbuka yale matofali niliyopanga ghafla, utakumbuka mvua, utaelewa peke yako katikati ya watu usiowajua. Bora uelewe kwangu. Tena bora ujue kwamba ile kazi ya darasa la nne uliifanya sawasawa, na aliyekukosesha ni baba yako.

Sikuombi unisamehe. Nimeanza kuliandika hilo neno mara mbili nikalikata, utaona nilipokata hapo juu. Kumwomba mtu msamaha ni kumpa kazi nyingine, na wewe nimekufanyisha kazi yangu tangu utotoni. Kilichopo ni kwamba nakichukua changu. Mama yako hajui. Kesho tukitoka stesheni sitakwenda Keko, nitakaa naye chini nimwambie, na yatakayokuwa yawe. Akikupigia analia, utajua keshaambiwa. Usimtetee mtu.

Jumapili kuna kikao cha mtaa. Masika hayako mbali. Nitakwenda na kizibo changu nikiweke juu ya meza ya mwenyekiti, niseme ni cha nini. Wataniangalia kama kichaa, maana kila mmoja ana chake, cha tambara, cha gunia, cha mbao mbovu. Labda watanuna. Labda wataanza na wao kuvuta watoto ndani nikipita. Basi nitajua Bi Tatu aliishije.

Nakusikia umemaliza kubishana. Sufuria linaingia kwenye begi, naona ameshinda. Barua hii nitaiweka ndani ya hilo sufuria, chini ya mfuniko, utaikuta ukianza kutoa vitu. Kama hutapiga simu wiki ya kwanza nitaelewa. Kama hutapiga mpaka likizo, nitaelewa pia, na hela ya matumizi itakuja vile vile, haihusiani.

Kitu kimoja tu nakuomba, na siyo kwa ajili yangu. Huko utakaa chumba kimoja na wenzako. Iko siku mmoja wao ataumwa, au atakuwa amerudi na jua kali, atakwambia Mwaju, nipe maji. Wewe utachota kwenye yale mliyochemsha, na mkono wako utataka kupeleka kikombe mdomoni mwako kwanza.

Usionje, mwanangu. Mpe tu anywe.

Baba yako